Nishani Juu ya Kitenge

Vijana mnaoanza kukaa nyuma ya cherehani mara nyingi mnaniuliza ni nguo gani ilinisumbua kuliko zote. Mnatarajia niseme suti ya bwana harusi, au kanzu ya yule mfanyabiashara wa hapa Musoma ambaye tumbo lake lilibadilika kila nilipompima. Hapana. Nguo iliyonitoa jasho ilikuwa gauni la kitenge la kawaida kabisa, lenye mikono mirefu, lisilo na madoido yoyote. Shida yake ilikuwa moja: lilitakiwa kubeba chuma.

Nitafika huko. Kwanza niwaambie habari za wanajeshi wastaafu, kwa sababu mkoa wetu umejaa hao na siku moja mtawapima.

Mwanajeshi mstaafu hapimiki kirahisi. Ukimzungushia futi kamba kifuani anasikia amri ambayo wewe hukuitoa. Visigino vinakutana, kidevu kinapanda, kifua kinajaa upepo. Unaandika namba, unakata kitambaa, unashona kwa moyo wako wote, halafu siku ya kuchukua nguo anakuja amepumua kama binadamu wengine, na koti linamning'inia kama gunia kwenye msumari. Mzee Sefu, aliyenifundisha kazi kwenye baraza lake karibu na soko, alikuwa na dawa ya jambo hilo. Alimpima mteja, akajifanya ameridhika, kisha akamuuliza habari za ng'ombe. Mtu wa Mara ukimuuliza ng'ombe wake, hata awe meja, mabega yanashuka. Anapoanza kueleza jinsi ndama alivyozaliwa ametanguliza miguu ya nyuma, Mzee Sefu anampitishia futi mara ya pili, taratibu, kama anayempangusa vumbi. Kipimo cha kwanza tulikiita cha gwaride, cha pili tulikiita cha ng'ombe. Tulikata kwa hicho cha pili.

Mimi nilizaliwa hapa hapa mjini. Baba alitoka Ujiji akifuata biashara ya samaki wakavu, akamwoa mama yangu, Mkwaya wa Nyegina, akasahau kurudi. Kwa hiyo nina ndugu msikitini na nina wajomba misheni, na ndiyo maana habari ya mzee mmoja wa Nyegina ilinifikia mapema kuliko hata Mzee Sefu mwenyewe.

Huyo mzee alipigana Burma upande wa Mwingereza akiwa kijana, akarudi na nishani yenye umbo la nyota. Uzeeni akataka koti jepesi la kuivalia. Mzee Sefu alikuwa safarini Bunda, msaidizi wake mwingine akashona koti la kitambaa chepesi kama shati, akatundika nyota juu ya mfuko. Jumapili mzee akaenda kusali. Kila alipopiga magoti, nyota ilining'inia mbele ikagonga benchi. Kanisa zima limenyamaza, padri ameinua mikono, na pale safu ya tatu kunasikika ko, ko, ko. Jumatatu asubuhi alikuwa barazani kwetu. Hakufoka. Aliweka koti juu ya meza akasema kwamba aliomba koti, naye amefungwa kengele ya mbuzi.

Mzee Sefu alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Kisha akalifumua lile koti mbele yetu na kutufundisha kitu ambacho sijakisahau. Alisema kitambaa cha nje ni rangi tu, na bitana ya ndani ni adabu tu, ya kuficha mishono. Kati ya hivyo viwili, kifuani, kuna kitambaa kigumu kilichofumwa kwa uzi mnene, mafundi tunakiita kanvasi. Hicho hakionekani na mteja hatakiuliza. "Lakini hilo ndilo koti lenyewe," alisema. "Chuma kinataka mgongo wa kuegemea."

Leo mnabandika kitambaa chenye gundi kwa pasi, dakika mbili mmemaliza. Siwalaumu. Sisi tulishona kanvasi kwa mkono, kastabini kidoleni, mshono mmoja mmoja, mpaka kifua kinapata mviringo. Faida yake ni kwamba kanvasi iliyoshonwa kwa mkono inajifunza mwili wa mwenye koti. Baada ya miaka michache ukilivua na kulitundika, linabaki na kifua chake.

Koti la namna hiyo nilimshonea Sajini Wambura.

Alikuwa mtu wa Butiama, mpana kama mlango, ingawa nyumba yake aliijenga Nyasura, pale Bunda, na mkewe Sabina. Alikuwa miongoni mwa wanajeshi wetu waliopelekwa Msumbiji. Aliporudi na kustaafu alikuja kwangu kutaka koti zito la bluu nyeusi. Nilimpima kwa gwaride, nikampima kwa ng'ombe. Hakuwa na maneno mengi. Ombi lake la pekee lilikuwa vifungo vikubwa kuliko kawaida na matundu yasiyobana. Mikono aliiweka mifukoni muda wote tuliozungumza. Sikuuliza sababu. Mteja akitaka vifungo vikubwa, mpe vifungo vikubwa.

Alilivaa miaka mingi, kwenye harusi, misiba na mikutano ya wastaafu. Kisha akafariki. Ndipo ikaja habari kwamba serikali ya Msumbiji inatoa nishani kwa wanajeshi wa nje waliopigana kwenye ardhi yake, na kwamba wale wa mkoa wetu watavalishwa hapa Musoma. Aliyekufa angepokelewa nishani yake na mtu mmoja wa familia, ambaye angevalishwa kwa niaba yake mbele ya watu.

Asubuhi moja akaingia dukani kwangu mdogo wake Sajini, Mzee Makuru, kutoka Butiama, na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na lile koti. Nililitambua kabla hajalitoa lote.

Makuru alikuwa mfugaji, mwembamba, mwenye maneno. Alilivaa ili nione tatizo. Mabega yalimwanguka hadi karibu na viwiko. Akasema kaka yake alikuwa anakula nyama ya jeshi wakati yeye anakula upepo wa machungani, kwa hiyo nilipunguze hadi lifanane na upepo. Tulicheka. Halafu akanieleza utaratibu wa ukoo wao: matanga yakiisha, nguo za marehemu hugawanywa, na koti humwendea mdogo anayemfuata. Anayepewa koti ndiye anayesimama mahali pa marehemu: kwenye posa, kwenye kesi ya shamba, kwenye kikao chochote ambacho jina lake litaitwa. Ukoo ulikaa ukasema nishani nayo ni jina kuitwa, basi atasimama Makuru.

Nikamuuliza shemeji yake anasemaje. Akasema amekubali. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mwongo, akaongeza: au hakukataa.

Kupunguza koti la mtu mpana limkae mtu mwembamba si kazi ya kubana pembeni. Unalifumua lote. Unakata upya mabega, unakata upya kwapa, unasogeza kifua. Nilipotoa bitana niliikuta kanvasi imeshika umbo la Sajini kabisa, hata upande wa kushoto ulikuwa umezama kidogo kuliko wa kulia, kwa sababu aliegemea upande huo akikaa. Niliikata. Ndiyo kazi niliyopewa. Na kwa desturi ya baraza letu tangu enzi za Mzee Sefu, mabaki ni ya fundi, isipokuwa mteja ayaombe. Makuru hakuyaomba. Vipande vya kanvasi na vya kile kitambaa kizito cha bluu vikaingia kwenye kopo langu la mabaki.

Siku ya kujaribisha, aliyetangulia kufika hakuwa Makuru. Alikuwa Mama Sabina. Alikuwa ametoka Bunda asubuhi, bado ana vumbi la barabara kwenye ncha za khanga. Hakukaa mpaka aliponiuliza.

"Fundi, umeshalikata?"

"Nimeshalikata, mama."

Alikaa kwenye benchi ya wateja. Niliacha pasi. Kisha akaniambia kwamba alikuwa amekuja kunizuia. Kwenye kikao cha ukoo walimwuliza kama ana neno, naye akashindwa kulisema mbele ya wanaume wote wale, ndiyo wakahesabu kwamba amekubali. Alitaka kusimama yeye. Hakutaka nishani akae nayo, hata wakitaka kuitundika ukutani Butiama wataitundika. Alitaka jina la mumewe likiitwa, anyanyuke yeye.

Makuru alimkuta hapo hapo. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana watoto na mvua, wakamaliza salamu zote ambazo watu hutumia kabla ya jambo gumu. Nikafikiria kutoka. Lakini duka lilikuwa langu na koti lilikuwa mkononi mwangu.

"Shemeji," akasema Makuru, "utaratibu huu sikuutunga mimi. Mwenye koti ndiye anasimama."

"Kwenye posa simama. Kwenye shamba simama. Nani amekukataza? Hapa wanamwita mtu wa vitani."

"Na wewe ulikuwaga vitani?"

Alilisema kwa kejeli kidogo, kama shemeji anavyomtania shemeji, lakini halikutua kama utani.

"Vita alirudi navyo nyumbani," akasema Sabina. "Vililala kwangu. Wewe ulikuwa Butiama na ng'ombe."

Makuru alinyoosha mikono nyuma nimvalishe, labda ili apate la kufanya. Koti likapanda mabegani likakaa. Niwaambie ukweli wa fundi: lilimkaa vizuri sana. Nikageuka kuchukua chaki na pini kwenye meza ya kukatia.

Nilipogeuka tena, Mama Sabina alikuwa amesimama mbele ya Makuru anamfunga vifungo.

Sidhani kama aliamua. Mikono yake ilikwenda yenyewe. Alianza na kifungo cha chini akapanda juu, haraka, bila kuangalia, kidole gumba kikisukuma na cha shahada kikivuta, kama mtu anayefunga kitu alichokifunga kila siku ya maisha yake. Alipofika juu akalainisha kola kwa viganja viwili, akainua macho. Ndipo akaona ni uso wa nani. Akarudisha mikono kifuani kwake kana kwamba ameshika pasi ya moto.

Makuru alikuwa ameiacha mikono yake ikining'inia. Hakusogea.

"Kaka alikuwa anafungwa vifungo?"

"Tangu alivyorudi. Mikono ilikuwaga inatetemeka, hawezi hata kushika kikombe kikijaa. Tunafungia ndani, namaliza, ndiyo anatoka mbele za watu."

"Mimi hakuniambia."

"Wewe ndiye hasa hakutaka ujue. Alisema wewe unamwona mkubwa."

Nilisikia mtu anakwangua magamba ya sato huko sokoni. Nikayakumbuka yale matundu niliyoambiwa yasibane, na mikono iliyokaa mifukoni. Kuna wakati fundi ni samani tu ya duka, na ni vizuri awe samani.

Makuru akaanza kujifungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja. Alichukua muda mrefu, ingawa mikono yake ilikuwa mizima. Alipomaliza akalivua koti akanipa, akamtazama shemeji yake.

"Utapanda wewe," akasema. "Mimi nitalivaa nikusindikize mpaka kwenye ngazi. Ukoo ukiniuliza, nitasema fundi alilibana sana, miguu ikashindwa kupanda."

"Usinitie kwenye kesi ya ukoo wenu," nikamwambia.

"Umeshaingia, fundi. Wewe ndiye ulilikata."

Hivyo ndivyo nilivyoletewa kazi ya gauni. Mama Sabina alisema hatavaa suti, hajawahi na hataanza uzeeni. Angevaa kitenge, chenye maua ya kahawia, na nishani ingekaa juu yake. Akaniachia kitambaa akarudi Bunda.

Mnakijua kitenge. Kinapendeza, kinafuata mwili, na hakina mgongo. Nilichukua kufuli la mlango wa duka nikalitundika kwa pini kwenye kifua cha gauni lililokatwa, nikalivalisha sanamu. Kitenge kikashuka kama chuchu za ng'ombe aliyechelewa kukamuliwa. Nikatia kitenge mara mbili. Kikashuka mara mbili. Nikatumia hicho kitambaa chenu cha gundi, nikabandika tabaka juu ya tabaka. Kufuli likasimama, lakini kifua kikawa katoni. Mama wa watu angeshindwa hata kuinama kusalimia. Mpaka duka langu likaibiwa nyuzi, maana kufuli lilikuwa kwenye gauni na si mlangoni. Mke wangu aliniambia kwamba sasa naweza kumtundika mwizi kifuani.

Ndipo nikalikumbuka lile kopo.

Vipande vilikuwa vyembamba, vile vya kwapa na mabega, hakuna kilichozidi upana wa kiganja. Nikaviunga kimoja na kingine kama mtu anayeunga wavu uliochanika, nikavishona kwa mkono. Chini yake nikaweka vipande vya kile kitambaa kizito cha bluu, kisha bitana upande wa mwili ili visimkwaruze. Macho yangu yalikuwa yameanza kuniaga mwaka huo. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi niliutafuta kwa ncha ya kidole. Likabaki swali la upande. Mzee Sefu aliwahi kuniambia kwamba kwenye majeshi mengine mwenye nishani huivaa kushoto na aliyefiwa huivaa kulia. Wa Msumbiji wanafanyaje, sikujua, wala hapakuwa na wa kumuuliza. Nikatia pande zote mbili. Mkiwa hamjui, tieni pande zote mbili. Mtatumia uzi mwingi lakini hamtaaibika.

Nikatundika kufuli. Kifua kikashika, na chini yake kitenge kikaanguka kwa raha kama kawaida yake.

Mama Sabina alipokuja kulichukua, niliona si haki kumkabidhi bila kumwambia. Nikafungua ncha ya bitana niliyoiacha bila kuishona, nikamwonyesha. Akaingiza kiganja chake ndani akakiacha humo.

"Hii ni ya kwake?"

"Ni ile Mzee Makuru aliyoipunguza."

Alifikiri kidogo.

"Basi alipunguza vizuri," akasema, akanipa nimalizie kushona.

Siku ya sherehe nilifunga duka, kwa kufuli safari hii, nikaenda. Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga turubai na spika zilikuwa na kikohozi. Wastaafu walikaa mbele, kila mmoja na kifua cha gwaride. Niliyaona makoti yangu manne na moja la mshindani wangu, lililokuwa linaning'inia. Nishani zilikuwa mezani juu ya kitambaa chekundu, nzito kuliko nilivyodhani, zenye utepe wa rangi kali. Aliyevalisha alikuwa kanali wa Msumbiji, kijana kwa umri wetu, mtu wa kaskazini ya kwao. Kiswahili alikuwa nacho, kile cha kusini kinachovutavuta maneno.

Jina la Sajini Wambura likaitwa. Mama Sabina akanyanyuka. Makuru akanyanyuka naye, ndani ya koti la bluu, wakatembea pamoja mbele ya watu wote wa ukoo wao waliokuja kutoka Butiama. Kwenye ngazi Makuru akasimama. Sijui nani alimfundisha, maana hajawahi kuvaa buti, lakini alibana visigino akajaza kifua. Nilimpima kwa ng'ombe, sikumpima kwa gwaride. Kifungo cha katikati kililia. Nikaomba kisiruke, na hakikuruka.

Mama Sabina alipanda peke yake. Kanali akamsalimia kwa heshima, akachukua nishani, akafungua pini, akasogeza mkono kwenye bega lake la kulia. Hapo akasita. Aliona kitenge chepesi, aliona mama mzima, aliona pini ndefu. Akaushusha mkono, akamwuliza kwa sauti ya chini iliyonaswa na kipaza sauti kama ingekuwa vyema amkabidhi tu mkononi, asije akamchoma, au nguo ikachanika.

Nilimwona Makuru pale chini amegeuza kichwa kutazama juu, kitu ambacho mtu wa gwaride hafanyi.

"Choma tu, mwanangu," akasema Mama Sabina. "Ndani mna koti."

Kanali akachoma. Pini ikaingia, ikashika. Mama alipogeuka kuwatazama watu, upepo ukavuta kitenge chote upande mmoja, sketi, mikono, hata kilemba. Nishani ilibaki palepale ilipowekwa.